Pierre de Coubertin

Pierre de Coubertin (jina kamili: Charles Pierre de Frédy, Baroni wa Coubertin, Paris, 1 Januari 1863 – Geneva, 2 Septemba 1937) alikuwa mwanaelimu na mwanahistoria kutoka nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kama mtu aliyefufua Michezo ya Olimpiki, ambayo ilikuwa imekoma kwa takriban miaka 1,500. Alianzisha Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1894, akawa rais wake wa pili kuanzia 1896 hadi 1925. Hakuna rais mwingine wa kamati hiyo aliyekaa madarakani muda mrefu kama yeye.

Coubertin alitaka michezo iwakutanishe vijana wa mataifa yote. Hata hivyo alipinga wanawake kushindana hadharani, na alikuwa mtu wa zama za ukoloni katika mtazamo wake juu ya Afrika na Asia. Kwa sababu hiyo maisha yake yanaeleza mafanikio ya Olimpiki na pia mapungufu ambayo vizazi vilivyofuata vililazimika kuyarekebisha.

Familia na utoto

Coubertin alizaliwa katika familia ya makabaila. Baba yake, Charles Louis de Frédy, alikuwa mchoraji aliyependa kuchora mambo ya dini na historia. Mama yake aliitwa Marie-Marcelle Gigault de Crisenoy, na kupitia kwake familia ilipata jumba la Mirville katika mkoa wa Normandy. Pierre alikuwa mtoto wa nne. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki waliotamani kurudi kwa utawala wa wafalme, lakini yeye alipokua aliukubali mfumo wa jamhuri.

Alipokuwa na umri wa miaka 7 nchi yake iliingia vitani dhidi ya Prussia (1870–1871). Ufaransa ilishindwa vibaya, ikapoteza jimbo la Alsace na sehemu ya Lorraine. Aibu ya kushindwa huko ilitawala mazungumzo ya watu wazima wakati wa utoto wake. Wafaransa wengi waliamini kwamba vijana wao walikuwa dhaifu na kwamba shule ziliwajaza vitabu bila kuwajenga mwili.

Mwaka 1874 alipelekwa katika shule ya Wajesuiti mjini Paris. Huko alisoma Kigiriki na Kilatini, akavutiwa sana na Ugiriki ya kale. Familia ilitarajia awe mwanajeshi au mwanasheria, lakini njia zote mbili hazikumvutia. Aliamua kutumia maisha yake na mali yake kurekebisha elimu.

Safari za Uingereza na Marekani

Mwaka 1883, akiwa na miaka 20, Coubertin alisafiri kwenda Uingereza kuangalia shule. Alitembelea shule ya Rugby, ambayo mkuu wake wa zamani Thomas Arnold (aliyefariki 1842) alisifiwa kwa kuwapa wanafunzi wakubwa madaraka ya kuongoza wenzao. Coubertin aliona wanafunzi wakijipangia mechi na kutii sheria za mchezo bila kusimamiwa kila dakika na walimu. Alihitimisha kwamba michezo ni shule ya tabia: mchezaji hujifunza kushindana kwa haki, kuvumilia kushindwa na kufanya kazi pamoja na wengine. Wanahistoria wa leo wanasema alimpa Arnold sifa nyingi kuliko alizostahili, kwa kuwa Arnold mwenyewe hakujali sana michezo. Hata hivyo fikra hiyo ndiyo iliyoongoza kazi yake yote. Mwaka 1888 alichapa kitabu juu ya elimu nchini Uingereza.

Mwaka 1889 alitumwa na serikali ya Ufaransa kuangalia vyuo vya Marekani na Kanada. Aliporudi aliendelea na kazi ya kuunganisha vilabu vya michezo vya Ufaransa, akawa katibu mkuu wa shirikisho lao. Tarehe 20 Machi 1892 yeye mwenyewe alikuwa mwamuzi wa fainali ya kwanza ya ubingwa wa raga nchini humo, ambapo Racing Club iliifunga Stade Français kwa pointi 4 kwa 3.

Michezo ya kale na majaribio ya kuifufua

Michezo ya kale ilifanyika Olympia, upande wa magharibi wa rasi ya Peloponnesos, kwa heshima ya mungu Zeus. Kwa mapokeo huhesabiwa kuanzia mwaka 776 KK, wakati Koroibos, mwenyeji wa Elis, aliposhinda mbio za urefu mmoja wa uwanja. Baadaye yaliongezwa mashindano ya mieleka, ngumi, kurusha kisahani, mkuki na magari ya farasi. Michezo ilirudiwa kila baada ya miaka minne. Kabla yake yalitangazwa mapatano yaliyowapa wachezaji na watazamaji usalama wa kusafiri hata kama miji yao ilikuwa inapigana. Mshindi alivikwa shada la majani ya mzeituni. Walioruhusiwa kushindana walikuwa wanaume huru wa Kigiriki tu, na wanawake walioolewa hawakuruhusiwa hata kutazama.

Olympia haikuwa peke yake. Wagiriki walikuwa pia na michezo ya Delphi, Nemea na Isthmia karibu na Korintho. Mashindano haya yote yalififia baada ya Dola la Roma kupokea Ukristo. Mara nyingi mwisho wa Olimpiki ya kale huunganishwa na amri za Kaisari Theodosius I dhidi ya ibada za miungu, karibu na mwaka 393 BK. Baadaye mafuriko na matetemeko ya ardhi yaliifukia Olympia kwa udongo.

Coubertin hakuwa mtu wa kwanza kufikiria kuirudisha. Huko Ugiriki tajiri Evangelis Zappas aligharamia michezo iliyofanyika Athens mwaka 1859, na urithi wake uliendelea kuilipia mwaka 1870 na 1875. Nchini Uingereza daktari William Penny Brookes aliendesha michezo ya kila mwaka katika mji mdogo wa Much Wenlock tangu 1850. Kati ya 1875 na 1881 wanaakiolojia Wajerumani wakiongozwa na Ernst Curtius walichimba Olympia na kufunua mahekalu na uwanja wake. Mwaka 1890 Coubertin alimtembelea Brookes, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa miaka 81, akaona michezo yake. Kilichokuwa kipya kwa Coubertin ni mambo mawili: michezo iwe ya mataifa yote, na ihame kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Mkutano wa Sorbonne

Tarehe 25 Novemba 1892 Coubertin alitoa pendekezo lake hadharani kwa mara ya kwanza katika chuo kikuu cha Sorbonne mjini Paris. Waliomsikiliza walimpigia makofi, lakini hawakumchukulia kwa uzito. Wengine walidhani anazungumzia mchezo wa kuigiza.

Alijifunza kutokana na hali hiyo. Alipoitisha mkutano mkubwa wa kimataifa mwezi Juni 1894, ajenda kuu aliyoitangaza ilikuwa suala la wachezaji wa ridhaa, yaani wale wasiolipwa, kwa kuwa kila chama cha michezo kilikuwa na mgogoro nalo. Olimpiki aliiweka mwishoni mwa orodha. Siku ya ufunguzi wajumbe waliimbiwa utenzi wa kale kwa mungu Apollo, uliokuwa umegunduliwa Delphi mwaka mmoja tu kabla yake na kutiwa muziki na Gabriel Fauré. Baada ya hapo mioyo ya wajumbe ililainika.

Tarehe 23 Juni 1894 mkutano ulikubali kufufua michezo na kuunda Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Coubertin alikuwa amefikiria kuanza Paris mwaka 1900, lakini iliamuliwa kuanza Athens mwaka 1896. Mgiriki Demetrios Vikelas alikuwa rais wa kwanza na Coubertin katibu mkuu. Kaulimbiu ya maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya kasi zaidi, juu zaidi, nguvu zaidi ilitokana na rafiki yake, padri Henri Didon wa shirika la Wadominiko.

Athens 1896

Serikali ya Ugiriki ilikuwa na madeni makubwa, na waziri mkuu Charilaos Trikoupis hakutaka gharama hizo. Mambo yaliokolewa na mrithi wa ufalme Konstantino, aliyeongoza kamati ya maandalizi, na mfanyabiashara Georgios Averoff, aliyelipia ukarabati wa uwanja wa kale wa Athens kwa marumaru.

Michezo ilifunguliwa tarehe 6 Aprili 1896, ambayo kwa kalenda iliyotumika Ugiriki wakati huo ilikuwa 25 Machi, sikukuu ya uhuru wa nchi hiyo. Kwa hesabu ya kamati yenyewe walishiriki wachezaji 241 kutoka nchi 14, wote wanaume, katika mashindano 43. Bingwa wa kwanza alikuwa Mmarekani James Connolly katika miruko mitatu. Mshindi alipewa medali ya fedha na tawi la mzeituni; medali za dhahabu, fedha na shaba kwa watatu wa kwanza zilianza mwaka 1904.

Mbio za marathoni hazikuwepo katika michezo ya kale. Zilipendekezwa na mwanaisimu Mfaransa Michel Bréal kwa kukumbuka hadithi ya mjumbe aliyekimbia kutoka Marathon hadi Athens. Mwaka 1896 umbali ulikuwa takriban kilomita 40. Urefu wa kilomita 42.195 unaotumika leo ulitokana na michezo ya London ya 1908. Mshindi wa kwanza alikuwa Mgiriki Spyridon Louis, na ushindi wake uliwafanya Wagiriki waipende michezo kama mali yao. Mfalme wao aliomba ibaki Ugiriki daima. Coubertin alikataa, akachukua urais mwaka huohuo.

Miaka migumu

Olimpiki mbili zilizofuata karibu ziliangamiza kazi yake. Ile ya Paris mwaka 1900 ilifanyika ndani ya maonyesho makubwa ya kimataifa na kuendelea kuanzia Mei hadi Oktoba. Ratiba ilivurugika kiasi kwamba baadhi ya wachezaji hawakujua kuwa wameshiriki Olimpiki. Hata hivyo hapo ndipo wanawake walishiriki mara ya kwanza. Mwingereza Charlotte Cooper alishinda tenisi.

Mwaka 1904 michezo ilifanyika St. Louis, Marekani, tena ndani ya maonyesho. Nchi nyingi za Ulaya hazikwenda kwa sababu ya umbali, na Coubertin mwenyewe hakuhudhuria. Waandaaji wa maonyesho walipanga siku ambazo watu wa Afrika, Asia na wenyeji wa Amerika waliokuwa wameletwa kuonyeshwa walishindanishwa bila mafunzo, ili wageni wawatazame. Coubertin alilaumu jambo hilo. Katika marathoni ya mwaka huo walikimbia Len Taunyane na Jan Mashiani kutoka Afrika Kusini, ambao ndio Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki. Taunyane alimaliza wa 9 na Mashiani wa 12.

London 1908 ilirudisha utaratibu. Wazo kwamba kushiriki ni muhimu kuliko kushinda, ambalo watu wengi humpa Coubertin, halikuanza kwake: alilichukua kutoka mahubiri ya askofu Mmarekani Ethelbert Talbot wakati wa michezo ya London, akalieneza.

Stockholm 1912 ilikuwa na mpangilio mzuri kuliko zote zilizotangulia. Coubertin alikuwa ameomba yawepo pia mashindano ya sanaa, pamoja na mchezo mpya wa pentathloni ya kisasa. Medali ya dhahabu ya fasihi ilikwenda kwa shairi la kuusifu mchezo lililotumwa kwa majina mawili, Georges Hohrod na Martin Eschbach. Baadaye ilijulikana kwamba mwandishi alikuwa Coubertin mwenyewe.

Bendera, vita na Lausanne

Mwaka 1913 Coubertin alichora pete tano zilizoungana, za rangi ya buluu, njano, nyeusi, kijani na nyekundu juu ya kitambaa cheupe. Pete tano zinamaanisha mabara matano. Si kweli kwamba alikusudia kila rangi iwe ya bara fulani. Alichagua rangi hizo, pamoja na nyeupe, kwa sababu zilipatikana katika bendera za nchi zote za wakati wake. Bendera ilionyeshwa Paris mwaka 1914, wiki chache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kuanza.

Vita hiyo ilifuta michezo ya Berlin ya 1916. Tarehe 10 Aprili 1915 Coubertin alihamisha makao ya kamati kwenda Lausanne, Uswisi, nchi isiyofungamana na upande wowote. Kisha, ingawa alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50, alijitolea kuitumikia Ufaransa, akamwachia Mswisi Godefroy de Blonay urais kwa muda. Alisema si sawa kamati iongozwe na mtu aliyevaa sare ya jeshi.

Michezo ilirudi Antwerp mwaka 1920. Bendera ya pete tano ilipepea mara ya kwanza katika Olimpiki, na mchezaji Mbelgiji Victor Boin alitoa kiapo cha kwanza cha wachezaji. Ujerumani na washirika wake wa vitani hawakualikwa. Mwaka 1924 michezo ilifanyika tena Paris, safari hii kwa mafanikio makubwa. Mwaka huohuo huko Chamonix lilifanyika juma la michezo ya theluji na barafu, lililotambuliwa baadaye kuwa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi. Coubertin alistaafu mwaka 1925 katika mkutano wa Prague, nafasi yake ikachukuliwa na Mbelgiji Henri de Baillet-Latour.

Mwenge unaokimbizwa kutoka Olympia haukuwa kazi ya Coubertin. Ulianza mwaka 1936 kwa wazo la Mjerumani Carl Diem.

Wanawake na michezo

Coubertin aliamini kwamba mashindano ya hadharani ni ya wanaume na kwamba kazi ya mwanamke uwanjani ni kuwavika washindi mashada. Hakubadilisha msimamo huo hadi kufa kwake. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Mfaransa mwenzake Alice Milliat, aliyeanzisha shirikisho la kimataifa la michezo ya wanawake mwaka 1921 na kuandaa mashindano yao Paris mwaka 1922. Shinikizo lake lilifanya riadha ya wanawake iingizwe katika Olimpiki ya Amsterdam ya 1928, baada ya Coubertin kuondoka madarakani.

Afrika

Coubertin aliunga mkono ukoloni wa nchi yake. Lakini tofauti na watawala wengi, aliona kwamba watu wa makoloni wanapaswa kuruhusiwa kucheza na kushindana, ingawa alilitazama jambo hilo kwa jicho la mlezi anayemwangalia mtoto. Mwaka 1923, katika kikao cha Roma, kamati ilikubali mpango wa Michezo ya Afrika. Ilipangwa kuanza Algiers mwaka 1925, ikashindikana. Kisha ilipangwa kufanyika Alexandria, Misri, mwaka 1929, na uwanja ulijengwa. Hiyo nayo ilifutwa kwa upinzani wa Uingereza na Ufaransa. Watawala hao waliogopa kwamba Waafrika wakikutana, na hasa wakiwashinda Wazungu, heshima ya utawala itaporomoka.

Mpango huo ulitimia mwaka 1965, miaka 28 baada ya kifo chake, wakati nchi huru za Afrika zilipokutana Brazzaville, Kongo. Wakati huo nchi za Afrika Mashariki zilikuwa zimeshaingia katika Olimpiki: Kenya na Uganda mwaka 1956 na Tanganyika mwaka 1964. Mwaka huo wa 1964 Wilson Kiprugut aliipatia Kenya medali yake ya kwanza, ya shaba, katika mita 800. John Akii-Bua wa Uganda alipata dhahabu mwaka 1972 katika mita 400 kuruka viunzi, na Watanzania Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walipata medali za fedha mwaka 1980.

Ndoa na miaka ya mwisho

Mwaka 1895 Coubertin alimwoa Marie Rothan, Mprotestanti kutoka familia ya Alsace. Walipata watoto wawili. Mtoto wao wa kwanza, Jacques, aliugua utotoni baada ya kuchomwa na jua kali, akabaki na ulemavu maisha yake yote. Binti yao Renée alisumbuliwa na maradhi ya akili. Hakuna kati yao aliyepata watoto.

Coubertin hakulipwa mshahara kwa kazi ya Olimpiki. Safari, barua, machapisho na karamu alivigharamia kwa fedha za familia yake na za mke wake. Vita na kushuka kwa thamani ya fedha vilimaliza sehemu iliyobaki. Tangu 1922 aliishi Lausanne katika nyumba ya Mon Repos aliyopewa na mji huo. Baada ya kustaafu aliandika historia ya ulimwengu katika juzuu nne na kumbukumbu zake za Olimpiki, akajaribu pia kuanzisha elimu ya watu wazima kwa wafanyakazi, bila mafanikio makubwa.

Berlin ilikuwa imechaguliwa kuandaa Olimpiki ya 1936 kabla ya Adolf Hitler kushika madaraka. Serikali ya Hitler ilimheshimu mzee huyo aliyefilisika, ikampa fedha na kuunga mkono jina lake kwa Tuzo ya Amani ya Nobel, ambayo hakuipata. Hakwenda Berlin, lakini sauti yake iliyorekodiwa ilisikika uwanjani, na baadaye aliisifu michezo hiyo. Suala hili bado linampunguzia heshima.

Tarehe 2 Septemba 1937 alianguka ghafla katika bustani ya La Grange mjini Geneva kwa ugonjwa wa moyo, akafa akiwa na miaka 74. Alizikwa Lausanne. Kwa wosia wake moyo wake ulipelekwa Olympia na kuwekwa ndani ya mnara wa kumbukumbu mwezi Machi 1938. Mke wake aliishi hadi 1963, akafariki akiwa na miaka 101.

Urithi

Mfano wa Olimpiki ulizaa mashindano mengine ya michezo mingi: Michezo ya Dola la Uingereza, inayoitwa leo Michezo ya Jumuiya ya Madola (tangu 1930), Michezo ya Asia (1951) na Michezo ya Afrika (1965). Mashindano ya watu wenye ulemavu yaliyoanza Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1948 yalikua kuwa Paralimpiki, iliyofanyika mara ya kwanza Roma mwaka 1960. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki hutoa medali yenye jina la Coubertin, na tarehe 23 Juni huadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Olimpiki.

Katika michezo ya Paris ya 2024 nafasi za wachezaji ziligawanywa sawa kati ya wanawake na wanaume kwa mara ya kwanza. Tarehe 23 Juni 2025, miaka 131 kamili baada ya mkutano wa Sorbonne, urais ambao Coubertin aliushika kwa miaka 29 ulipokelewa na Kirsty Coventry, muogeleaji kutoka Zimbabwe, ambaye ni mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kuuongoza mwili huo.